Ukurasa Usio na Maksi

Wenzangu mnaobaki kazini mmeniomba niandike machache kabla sijaanza kusahau. Vyeo sitavizungumzia. Vilikuja kwa barua, na barua zenyewe ziko kwenye faili ambalo panya wa hapa Akheri wanalijua kuliko mimi. Nitawaandikia habari za ukurasa mmoja tu wa tasnifu, ule wa shukrani, ambao kwa miaka yote niliyofundisha sikuona mtu akiutolea maksi. Ukurasa huo ulinitia aibu nikiwa binti, ukanifundisha ualimu nikiwa mtu mzima, na mwezi uliopita ukanipeleka hadi kwenye lango nililokuwa nimelikwepa kwa miaka mingi.

Nilianza kazi wakati chuo chetu bado ni chuo kidogo cha kilimo, majengo manne na ng'ombe waliokuwa wakija kwenye mihadhara mara nyingi kuliko baadhi ya wanafunzi. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino. Nilielekezwa maabara ya udongo, na mlangoni nikamkuta fundi sanifu wa maabara, Mzee Anaeli, mwenyeji wa Akheri kama mimi, amevaa koti la bluu lenye penseli mfukoni. Aliviangalia viatu vyangu kwanza, halafu ndipo akaniangalia mimi.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiye mwalimu mpya wa udongo?"

"Ndiyo mimi."

"Udongo wenyewe umeshaushika?"

Nikamwambia nina shahada. Akasema, "Sijauliza shahada, nimeuliza mikono." Akachota udongo kwenye beseni, akaumwagia maji kidogo, akaufinya kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka ukatoka kama utepe. "Ukikatika mapema, una mchanga. Ukirefuka hivi, ni mfinyanzi. Mashine itakwambia hayohayo wiki ijayo, kama umeme upo." Kisha akanionyesha karo na chupa. Niliosha chupa wiki mbili kabla hajaniruhusu kugusa mizani, na kila chupa aliinyanyua dirishani kutazama kama ina utando. Nilikasirika sana. Leo, nikiona chupa chafu, hata ya soda, mkono unaniwasha.

Mwaka wa pili nikaanza utafiti wa shahada ya uzamili. Nilitaka kujua kwa nini kahawa ya wakulima wetu imeanza kudhoofika, na kwa hiyo nilihitaji udongo kutoka kwenye vihamba, yale mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba zetu. Nilipanga vihamba sitini, kuanzia juu ya Akheri kwenye miteremko ya Meru mpaka karibu na Kikatiti. Mzee Anaeli alijitolea kunisindikiza. Yeye alibeba chuma cha kuchimbia, mimi nikabeba daftari na mifuko ya khaki, na kila mfuko niliuandika namba kwa kalamu ya wino niliyokuwa nimeletewa zawadi kutoka Nairobi. Kalamu ile nilikuwa naionea fahari kweli.

Mkiwa mnafanya kazi ya vijijini, jueni kwamba hamtarudi mikono mitupu. Jioni mzigo wa ndizi tulizopewa ulikuwa mzito kuliko wa udongo. Bibi mmoja alituzuia kwenye lango lake, akataka kujua udongo wake unapelekwa wapi. Mimi nikaanza kumweleza habari za virutubisho. Mzee Anaeli akanikatiza kwa Kimeru, akamwambia unapelekwa hospitali kupimwa. Bibi akafungua lango, na tulipomaliza akatujazia mfuko wa pili, akisema mgonjwa hasafiri peke yake. Mfuko ule wa pili niliurudisha shambani kwake alipotupa kisogo, Mungu anisamehe.

Tulirundika mifuko yote stoo. Mvua za masika zikaanza wikiendi ileile, na bati la stoo lilikuwa na tundu ambalo kila mtu alilijua na kila mtu alidhani mwenzake amelitolea taarifa. Jumatatu nilikuta khaki imelowa chapachapa na wino wangu wa Nairobi umeyeyuka. Mifuko ilikuwa na mabaka ya bluu, hakuna hata namba moja inayosomeka. Udongo bila namba ni udongo tu, haukuambii umetoka kwa nani. Miezi mitatu ya kutembea ilikuwa imepotea, na muda wangu wa masomo usingenipa miezi mitatu mingine. Nilikaa chini sakafuni nikalia.

Mzee Anaeli alisimama mlangoni akasubiri. "Umemaliza?"

"Kumaliza nini?"

"Kulia."

Akaufungua mfuko uliokuwa karibu, akaingiza mkono mpaka kiwiko kikajaa udongo, akatoa kimfuko kidogo cha plastiki. Ndani mlikuwa na kikaratasi kilichokunjwa mara mbili, kimeandikwa kwa penseli: namba, kijiji, jina la mwenye shamba. "Penseli haiogopi maji," akasema. Alikuwa ameweka kikaratasi kama hicho katika kila mfuko, kila siku, nilipokuwa nikizungumza na wenye mashamba. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema aliona ninavyoifurahia ile kalamu.

Tulipanga upya siku nzima. Vikaratasi vilitoka sitini na moja. Daftari langu lilikuwa na vihamba sitini. Kikaratasi cha mwisho kilisema tu "61, Akheri, kando ya mfereji," bila jina. Nikajiona mzembe, nikadhani nimesahau kuandika shamba moja, basi nikaliongeza daftarini kimyakimya. Kwenye sura ya mbinu niliacha imeandikwa sitini, na kwenye jedwali mwisho wa tasnifu zikawa sitini na moja. Msimamizi hakugundua, wala mtahini wa nje. Watahini hawahesabu, na hilo naliandika kwa kuwa nami nimekuwa mtahini.

Ukurasa wa shukrani niliuandika asubuhi ya siku ya kupeleka kazi kwa mfunga vitabu. Kusema niliuandika ni kujisifu. Nilichukua tasnifu ya mwalimu mmoja mwandamizi, nikanakili ukurasa wake neno kwa neno, nikabadilisha jina la msimamizi. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba pale mtu husema ya kwake. Niliamini ukurasa ule ni kama jalada, unafanana kwa wote.

Baba alifanya sherehe. Alialika nusu ya kata, wakaja baada ya ibada ya Jumapili, na mama akapika sufuria tatu za loshoro, mahindi yetu ya maziwa ya mgando. Mzee Anaeli alikaa benchi la mbele, amevaa koti jeusi la harusi yake. Baba akamwomba mwinjilisti wetu, ambaye alikijua Kiingereza, awasomee watu walau ukurasa mmoja wa kitabu cha binti yake. Mwinjilisti akafungua, na kwa bahati yangu mbaya akauchagua ulio mfupi.

"Anamshukuru Mwenyezi Mungu," akatafsiri. Watu wakaitikia amina. "Anamshukuru msimamizi wake. Anamshukuru mkuu wa chuo. Anawashukuru wafadhili." Makofi. "Na anamshukuru mume wake mpendwa kwa uvumilivu, pamoja na watoto wake wanne."

Mimi nilikuwa sijaolewa. Mama aliweka mwiko chini. Baba akaniangalia, akauliza kitu kimoja tu: "Wanne?"

Shangazi akadakia kutoka nyuma, "Wako wapi?" Ndani ya dakika kumi baba zangu wadogo walikuwa wameshaitisha kikao cha ukoo nyuma ya migomba. Nilijieleza mpaka jua likazama. Nililetewa maji, nilihojiwa kwa zamu, na mjomba mmoja alipendekeza aitwe huyo mume mvumilivu ajitambulishe. Hatimaye walikubali kwamba nimenakili, ingawa shangazi yangu nadhani aliendelea kutafuta wajukuu wale mpaka alipofariki.

Katika vurugu zile kuna kitu nilikiona bila kukizingatia. Mwinjilisti alipokuwa akisoma orodha, Mzee Anaeli alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesubiri kuitwa. Orodha ikaisha. Yeye ndiye aliyepiga makofi kwa muda mrefu kuliko wote.

Jumanne, maabara, nikiwa nafuta chupa, ndipo kitu kile kikanijia. Niliwashukuru watoto wanne wasiokuwepo duniani, na mtu aliyeiokoa kazi yangu sikumtaja. Nilisikia joto usoni. Nikageuka nimwambie. Akaniuliza, "Mwalimu, zile chupa zimekauka?" Nikajibu zimekauka. Nikasema moyoni nitamwambia kesho. Kesho yake kulikuwa na mitihani ya vitendo, na mwezi uliofuata tulikuwa na wageni, na mnajua wenyewe chuo kinavyokula miaka. Akastaafu. Tulimuaga kwa soda na hotuba, nami nilikaa nyuma.

Nyumba yake iko kwenye njia yangu ya kwenda kanisani. Nilikuwa nikipita namwamkia kutoka barabarani, yeye ananiitikia, halafu anaingia haraka katikati ya kahawa yake kana kwamba kuna kitu kinaungua huko. Mimi nami naongeza mwendo. Nikajua amenikasirikia, na nikaona ana haki.

Miaka ikapita, nikawa mimi ndiye msimamizi wa tasnifu. Siku moja nikapokea rasimu ya mwanafunzi wangu Gasper, kijana mchangamfu wa Levolosi, mwenye umri wa miaka ishirini na mitatu. Nilianza na shukrani kwa sababu chai ilikuwa bado ya moto. Nikasoma, nikasimama, nikamwita ofisini.

"Madam, shikamoo."

"Marahaba. Keti, Gasper. Pole sana na msiba."

"Msiba gani tena, Madam?"

"Wa mkeo."

Akakodoa macho. Nikamgeuzia karatasi. Alikuwa amemshukuru marehemu mke wake mpendwa, aliyemtia moyo katika ndoa yao ya miaka thelathini. "Daah, Madam," akasema, "hapo nilicopy tu. Hakuna anayesomaga hiyo page!" Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, naye akacheka kwa kuona mimi nacheka. Halafu nikagundua kwamba machozi hayaachi kutoka ingawa kicheko kimekwisha. Gasper akaniuliza kwa upole kama aniletee maji.

Nikamwambia afute yote na aniambie ukweli: nani hasa amefanya ufike hapa? Akafikiri. Akasema kuna mama wa chumba cha pili, pale wanapopanga Levolosi, ana kherehani ya kushona sare. Ukuta ni mwembamba, na kherehani ile ilikuwa inamchanganya akisoma. Wiki za mitihani yule mama aliibeba kherehani yake, chuma kizito kile, akaenda kushonea barazani kwa dada yake, na hakuwahi kusema kwa nini. Gasper alijua tu kwa kuwa kulikuwa kimya. Nikamwambia, "Andika hivyohivyo. Halafu nenda ukamsomee."

"Nimsomee, Madam? Kizungu?"

"Kiswahili. Msomee akiwa amekaa, na simu umeizima."

Alirudi Jumatatu na shati lililofupishwa mikono vizuri sana. Alisema yule mama alimsikiliza, akamwambia arudie, kisha akamvua shati palepale kwa sababu lilikuwa linamchukiza tangu mwaka wa kwanza.

Hivyo ndivyo ilivyoanza ile sheria yangu ambayo baadhi yenu mliilalamikia kwenye vikao vya idara. Mwanafunzi wangu aliandika shukrani kwanza, kabla ya sura yoyote. Alitaja watu kwa majina na walichokifanya, na aliwasomea ana kwa ana kabla sijasaini. Nilimpokea binti aliyemshukuru kinyozi wa Kikatiti aliyemruhusu kuchaji kompyuta ya chuo. Mwingine alimshukuru baba yake wa kambo, na ilibidi kwanza waanze kusalimiana. Mimi mwenyewe nilibadilika bila kupanga. Nilianza kuona nani anafuta ubao wangu kabla ya kipindi cha saa mbili, nani anafungua dirisha ili mlima uonekane, na ni mwanafunzi gani anayetikisa kichwa kunipa moyo hata nikiwa nafundisha vibaya. Nikawa naingia darasani na furaha ambayo haikuwa kwenye barua yoyote ya ajira. Wanafunzi wakaniita Mama Shukrani, wakidhani sijui.

Siku mliyoniaga mwezi uliopita, mnakumbuka, Gasper naye alikuja. Sasa ni bwana shamba mwenye kitambi na mke aliye hai, na alimleta ili nihakikishe. Baada ya hotuba akanyoosha mkono kama yuko darasani. "Madam Ndeshi, wote humu ulituambia tukasome shukrani zetu. Wewe ulimsomea nani?"

Mlicheka, mkapiga makofi mkisubiri hadithi. Mimi nikanywa maji. Nikasema nitawajibu siku nyingine, na mkadhani ni mzaha wa mzee. Sikupata raha tangu pale. Niliwatuma watu miaka yote hiyo kwenye malango ya watu, na langu lilikuwa hatua mia tatu kutoka kwangu. Na Mzee Anaeli alikuwa ameshapita miaka themanini. Wiki ileile nilisikia kanisani akiombewa kifua. Niliogopa kweli, kama nilivyoogopa siku ile stoo.

Jumamosi asubuhi nilikaa mezani na penseli. Niliandika ukurasa mmoja, na ulinichukua muda mrefu kuliko sura ya nadharia. Nikatembea. Nilimkuta ameketi nje ya nyumba yake, shuka mabegani, macho makali yaleyale.

"Shikamoo, Mzee Anaeli."

"Marahaba, Mwalimu. Watoto wanne hawajambo?"

Nilicheka. Mkewe akanipa kiti, akaleta kahawa ya kuchemshwa kwenye birika. Nikamwambia nimekuja kumsomea kitu na naomba asinikatize. Nikasoma. Nilisoma habari za chupa na utando, za bibi na hospitali ya udongo, za stoo na mvua, na za vikaratasi vya penseli ndani ya mifuko sitini. Nikasoma kwamba bila yeye nisingekuwa mwalimu wa mtu yeyote. Nikasoma kwamba siku ya sherehe nilimwona ameinamisha kichwa, na kwamba naomba msamaha.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Rudia hapo pa penseli." Nikarudia. Akafuta macho kwa ncha ya shuka.

"Siku ile iliniuma," akasema. "Sitakudanganya. Nilirudi nyumbani sikula. Lakini ukurasa wako huu una kosa."

"Kosa gani, Mzee?"

"Mifuko. Umeandika sitini."

"Ilikuwa sitini. Ile ya sitini na moja nilisahau kuiandika daftarini."

"Hukusahau." Akaangalia chini, kama mwanafunzi aliyeshikwa na karatasi kwenye soksi. "Niliiingiza mimi. Ulikuwa udongo wa hapa kwangu, hapo kando ya mfereji. Kahawa yangu ilikuwa inakufa, na fundi wa maabara haruhusiwi kupima shamba lake. Nikautia na yako. Ukaupima vizuri kuliko yote, kwa kuwa ulidhani umekosea. Kitabu chako kilipoletwa maabara, sikufungua shukrani. Nilifungua jedwali, mstari wa mwisho. Ukasema udongo ni mchachu mno. Nikaacha mbolea ya chumvichumvi, nikaweka majivu na samadi, miaka miwili nikaona majani." Akavuta shuka. "Nikataka kuja kukushukuru. Nikaona haya, ningeanzaje? Kila ulipopita hapo barabarani nilijua leo umegundua. Nikawa naingia shambani."

Niliangalia miti ya kahawa nyuma yake, mirefu, imejaa mpaka kwenye mfereji. Nikaangalia kikombe mkononi mwangu.

"Na hii?"

"Namba sitini na moja," akasema. "Kunywa, itapoa."

Nikanywa. Kisha nikatoa penseli, nikafuta palipoandikwa sitini, nikaandika sitini na moja, nikampa ukurasa. Akamuuliza mkewe kama kuna kimfuko cha plastiki ndani. Mkewe akaleta kilichokuwa cha chumvi, akakikung'uta. Mzee Anaeli akaukunja ukurasa mara mbili, akautia humo, akafunga vizuri mdomo wa kimfuko, akakiweka mfukoni.